Chipu ya Maikrofluidiki na Seli Moja Moja za Hamira: Mwongozo Kamili kwa Wanaokwama Kila Mara

Watu wengi wanaoanza kazi ya kutazama seli moja moja za hamira ndani ya chipu ya maikrofluidiki, yaani kipande chenye mifereji myembamba ya kupitishia maji, wanakwama sehemu ile ile. Chipu imetoka vizuri, hamira imeota, hadubini ipo, wanamwaga chumvi alafu wanakaa saa mbili wanapiga picha, na mwisho wanapata seli zinazojibu kila moja kwa wakati wake, hawajui kama hiyo ndo baiolojia yenyewe au ni chipu tu. Nimekaa na wenzangu wengi wakihangaika hivi, na mimi mwenyewe nilipoteza karibu mwezi mzima nikiamini kwamba protini ya Hog1 kwenye hamira yangu inachelewa dakika 12 kuingia kwenye kiini. Haikuchelewa. Kilichochelewa ni chumvi, ilikuwa bado inasafiri ndani ya mrija.

Piga hesabu na mimi. Mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 0.5 na urefu wa sentimita 30 unabeba karibu mikrolita 59. Ukisukuma mikrolita 5 kwa dakika, maji mapya yanatumia karibu dakika 12 kufika tu kwenye mlango wa chipu. Mfereji wenyewe ndani ya chipu unabeba mikrolita 0.2. Yaani karibu muda wote unaishia njiani.

Kwa hiyo kitu kimoja ndo kinaongoza mwongozo huu wote: usiamini chochote seli inachokuonyesha mpaka ujue kwa uhakika ishara iliifikia lini. Rangi kwanza, seli baadaye.

Mfano tutakaotumia ni hamira ya kawaida, Saccharomyces cerevisiae, ikihisi chumvi. Nimechagua huu kwa sababu jibu lake ni la haraka na linaonekana kwa macho: Hog1 iliyounganishwa na GFP (protini inayong'aa kijani) inakuwa imesambaa seli nzima, chumvi ikifika inakimbilia kwenye kiini ndani ya dakika chache, alafu seli ikishajikusanyia gliseroli ya kutosha inatoka tena. Ukiweza huu, ishara nyingine zote unazibadilisha tu kwenye sirinji.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa chochote

Vya kutengenezea chipu:
- kalibu ya silikoni yenye michoro ya SU-8 (plastiki ngumu inayochorwa kwa mwanga)
- PDMS (mpira angavu wa kutengenezea mwili wa chipu) ya sehemu mbili, mfano Sylgard 184
- chombo cha vakyumu cha kutolea hewa, na oveni ya nyuzi 80
- kitoboleo cha milimita 0.75, selotepu, isopropanoli
- vioo vyembamba namba 1.5, yaani unene wa milimita 0.17, ukubwa wa 24 kwa 50
- mashine ya plazma ya oksijeni

Vya maji:
- sirinji mbili za mililita 10, utazitumia bila plunja
- mirija miembamba inayokaza kwenye tundu la 0.75
- stendi mbili ambazo urefu wake unapandishwa na kushushwa, na rula iliyofungwa pembeni yake
- vibanio vya kufungia mirija

Vya baiolojia:
- hamira yenye Hog1-GFP, na kama inawezekana iwe pia na alama ya kiini kama Htb2-mCherry
- midia (maji ya chakula cha hamira) ya aina ya SC yenye glukosi 2%, iliyochujwa kwa chujio la maikromita 0.2
- midia hiyo hiyo yenye NaCl 0.4 M, yaani gramu 1.17 kwenye mililita 50
- concanavalin A, miligramu 1 hadi 2 kwa mililita
- rangi ya kufuatilia inayong'aa kwenye nyekundu ya mbali, mfano Alexa Fluor 647

Mambo mawili kuhusu orodha hii. Usitumie YPD, ile midia nzito ya kuoteshea hamira, wakati wa kupiga picha, yenyewe inang'aa kwenye mwanga wa GFP na utapata picha zenye ukungu mtupu. Na kama hamira yako ina jeni ya ade2 iliyoharibika, ongeza adenini ya kutosha kwenye midia, la sivyo seli zinajaza pigmenti nyekundu inayong'aa na utadhani ni ishara.

## Hatua ya 1: Umbo la chipu

Chora herufi Y. Mikono miwili ya kuingizia, njia panda, alafu shina moja la kutokea. Fanya vipande vyote vitatu viwe sawa: urefu milimita 10, upana maikromita 400, kimo maikromita 50. Usawa huu si urembo, utaona faida yake hatua ya 5.

Sababu ya kutumia Y badala ya mfereji mmoja ni hii. Kwenye mifereji midogo hivi maji hayavurugiki, yanatembea sambamba kama magari kwenye barabara ya njia mbili. Midia safi inapita upande mmoja, midia ya chumvi upande mwingine, zote zinatiririka muda wote na kati yao kuna mpaka. Ukitaka seli zipate chumvi, unasogeza mpaka tu. Hakuna cha kusubiri mrija ujae, maana chumvi tayari iko pale njia panda. Zile dakika 12 zinageuka sekunde.

Kama kalibu ni mpya, ipakwe silani kwanza ili PDMS isiishike. Silani ni sumu, kazi hiyo ifanyike ndani ya kabati la kunyonya moshi, glovu na miwani bila mjadala.

## Hatua ya 2: Kumwaga PDMS

Changanya sehemu 10 za PDMS na 1 ya kigumishi kwa uzito, sio kwa kukadiria kwa macho. Koroga dakika tatu mpaka ijae viputo kila mahali, viputo vingi ni dalili umekoroga vizuri. Mwaga juu ya kalibu unene kama milimita 5, weka kwenye vakyumu dakika 30 hadi 60 mpaka iwe angavu kabisa, alafu oka nyuzi 80 kwa saa mbili.

Onyo ambalo watu hawalijui: glovu za lateksi zinaweza kuzuia PDMS isigande. Tumia za nitrili. Kama umetoa kipande na kinanata kwa chini, kitupe usihangaike nacho, kosa liko kwenye vipimo, kwenye kukoroga au kwenye glovu.

Umefanikiwa ukikata kipande na kinarudi chenyewe ukikikunja, hakiachi kitu kwenye kidole.

## Hatua ya 3: Kutoboa na kusafisha

Toboa ukianzia upande wenye mifereji, ukitokea nje, ili tundu lipate mdomo safi pale linapokutana na mfereji. Kitoboleo kiwe kikali. Kikiwa butu kinachana badala ya kukata, na mpasuko ule ndo utakaovuja baadaye ukiwa katikati ya jaribio. Hakikisha kile kigololi cha PDMS kimetoka chote, kikibaki ndani kitafunga mlango.

Safisha kwa isopropanoli, kausha, alafu bandika na kubandua selotepu upande wa mifereji mara tatu nne. Chembe moja tu ya vumbi inatosha kuacha mwanya.

## Hatua ya 4: Kubandika kwenye kioo

Kioo na PDMS vyote ndani ya plazma, nyuso za kubandika zikitazama juu, sekunde 30 hadi 60. Vikitoka, vigusanishe ndani ya dakika moja bila kukandamiza kwa nguvu, ukikandamiza sana dari la mfereji linashuka na kunata chini. Oka nyuzi 80 dakika 15. Isopropanoli yote iwe imeshakauka kabla ya plazma na kabla ya oveni, inashika moto haraka.

Mafanikio unayaona pale pale: PDMS ikigusa kioo, alama ya kunata inatambaa yenyewe kama maji yanavyolowesha karatasi. Isipotambaa, plazma haijafanya kazi au uso ni mchafu.

Sasa usiiache chipu ikae mpaka kesho. Baada ya plazma mifereji inapenda maji, lakini tabia hiyo inapungua kadri muda unavyopita, na mfereji unaokataa maji ndo unaoshika viputo. Ijaze ndani ya saa moja.

## Hatua ya 5: Jaribio la rangi, bila seli hata moja

Hapa ndo pa kutulia. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu wana haraka na seli zao zimeshafika ukubwa wake, na ndo maana wanarudia jaribio mara sita.

Toa hewa kwenye midia. Iweke kwenye vakyumu dakika 20, na iwe imeshafika joto la chumba cha hadubini, nyuzi 30. Midia ya baridi ikipata joto ndani ya chipu inaachia hewa, kiputo kinazaliwa pale pale juu ya seli zako.

Unganisha tone kwa tone. Jaza chipu kwanza kwa bomba la kunyonyea mpaka tone lisimame juu ya kila tundu. Mrija nao uwe na tone linaloning'inia mdomoni. Tone liguse tone, ndo uingize. Ukiingiza mrija mkavu umeshasukuma kiputo ndani.

Kiputo kikiingia usisukume kwa hasira. Funga tundu la kutokea, pandisha sirinji zote juu kidogo, alafu subiri. PDMS inapitisha hewa, kiputo kitapungua taratibu mpaka kiishe, mara nyingi ndani ya dakika chache. Nimeshakaa naangalia kiputo kikubwa kama upana wa mfereji kikinywea hivi hivi, kinakuwa nusu, kinakuwa doa, alafu hakipo.

Weka urefu. Mkono wa kushoto uwe na midia safi, wa kulia midia yenye rangi. Usawa wa maji kwenye sirinji zote mbili uwe sentimita 10 juu ya usawa wa maji kwenye kopo la kutokea. Sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1, na kwa mfereji wa vipimo hivi utapata kama mikrolita 15 kwa dakika. Pima usawa wa maji, usipime mwisho wa sirinji, watu wanakosea sana hapa.

Tazama chini ya hadubini, milimita 3 hadi 5 baada ya njia panda. Mpaka wa rangi unatakiwa uwe katikati kabisa ya shina. Ukikaa pembeni, kuna kiputo, uchafu, au sirinji haziko sawa.

Sasa pandisha sirinji ya rangi sentimita 2 na shusha ile nyingine sentimita 2. Kwa chipu ya vipande vitatu sawa, rangi itachukua karibu asilimia 80 ya upana wa shina. Fanya kinyume chake, itabaki na asilimia 20. Kwa hiyo ukanda wa kati wa shina unaweza kuubadilisha kutoka safi hadi rangi na kurudi, na huo ndo ukanda utakaopigia picha seli.

Onyo kubwa: usizidishe. Ukifika tofauti ya sentimita 3 na kitu kwa kila upande, shinikizo la njia panda linazidi lile la mkono wa chini, na maji ya rangi yanaanza kurudi nyuma kuingia mkono wa midia safi. Huoni kitu kwenye shina, kila kitu kinaonekana sawa, kumbe midia yako safi tayari ina chumvi. Kila ukibadilisha, sogeza hadubini uangalie mikono yote miwili.

Pima muda. Piga picha ya rangi kila sekunde moja wakati unabadilisha. Chora mstari wa mwanga katikati ya shina. Unataka uone mstari unapanda mara moja na kutulia ndani ya sekunde chache. Ukipanda kwa ngazi ngazi au ukichukua dakika nzima, una kiputo mahali, mara nyingi kwenye maungio ya mrija. Rudia mara tano, majibu yakifanana andika kwenye daftari: urefu gani, muda gani. Chipu hiyo sasa unaijua.

Kitu kimoja cha kukumbuka, chumvi inasambaa haraka kuliko rangi kwa sababu ni ndogo zaidi. Mpaka unaouona kwa rangi ni mwembamba kuliko mpaka halisi wa chumvi. Kaa angalau maikromita 50 mbali na mpaka wa rangi unaouona, seli zilizo karibu zaidi ya hapo zitakuwa zimeonja chumvi kabla ya zamu yao.

## Hatua ya 6: Kuandaa seli

Otesha hamira usiku kucha kwenye SC, asubuhi ipunguze, alafu iache igawanyike angalau mara mbili mpaka OD600 (kipimo cha wingi wa seli kwa ukungu wa midia) ifike kati ya 0.2 na 0.5. Seli zilizoshiba zikasimama kukua zinajibu tofauti kabisa, wala usijidanganye kwamba tofauti ni ndogo.

Midia ya kuoteshea na ya kwenye chipu iwe ile ile, chupa ile ile ikiwezekana. Ukiotesha kwenye YPD alafu ukahamishia SC ndani ya chipu, seli zinapata mshtuko wa kubadilishiwa chakula, na huo nao ni ishara.

Kama zinashikana makundi, zitenganishe kwa mawimbi ya sauti ya nguvu ndogo, sekunde chache, alafu zipe muda zitulie.

## Hatua ya 7: Kuziweka ndani na kuzishikisha

Concanavalin A inashika sukari ya manosi iliyoko kwenye ukuta wa seli ya hamira, kwa hiyo inafanya kama gundi kati ya kioo na seli. Inahitaji kalsiamu na manganizi ili ifanye kazi, weka kidogo kwenye maji ya kuiyeyushia. Usiitikise kwa nguvu, inajikunja na kuganda vipande. Izungushe kwenye mashine ya kuzungushia kabla ya kutumia na uchukue maji ya juu tu.

Osha rangi yote itoke kwanza. Bana mirija ya kuingizia, chomoa wa kutokea, alafu ingiza concanavalin A kwa kupitia tundu la kutokea, iache dakika 20 hadi 30, osha. Seli nazo zipitie tundu hilo hilo la kutokea. Sababu: ukizipitishia mlango wa kuingilia, zinanata kwenye mikono na njia panda, zinaota humo, na baada ya saa moja umebakiwa na bwawa.

Bana kila kitu, subiri dakika 5 hadi 10 zizame na kushika. Fungua mtiririko taratibu, zisizoshika zitaondoka zenyewe.

Unachotaka kuona ni seli 50 hadi 150 kwenye picha moja, zimeachana, hazijapandiana. Zikiwa zimejaa kama mchanga, osha uanze upya kwa maji yenye seli chache zaidi. Seli inayotikisika kama bendera haijashika, usiihesabu.

Njia hii inafaa kwa majaribio ya saa mbili tatu. Baada ya hapo vitoto vinavyozaliwa vinaondoka na maji maana havijagusa gundi, au vinapanda juu ya mama zao. Ukitaka saa kumi na zaidi unahitaji chipu yenye vyumba vya kimo cha maikromita 4 hivi, vinavyozibana seli kati ya dari na kioo zikae tabaka moja.

## Hatua ya 8: Kupiga picha na kutuma ishara

Mkono wa kulia sasa uwe na midia ya chumvi iliyotiwa rangi. Acha seli zipumzike dakika 30 kwenye midia safi inayotiririka. Kubanwa, kuoshwa, kukaa bila maji mapya, vyote vinazisumbua.

Lenzi ya mafuta ya 60x inatosha. Kwa GFP anza na milisekunde 100 za mwanga kwa nguvu ndogo na upunguze mpaka pale ambapo bado unatofautisha kiini na sehemu nyingine. Picha mbaya kidogo ya seli yenye afya ina thamani kuliko picha nzuri ya seli iliyoungua.

Ratiba yangu ni hii:
1. Picha 5 za mwanzo, moja kila sekunde 60, rangi ikiwa na asilimia 20 tu ya shina, seli za katikati zikiwa kwenye midia safi.
2. Badilisha urefu wa sirinji. Sekunde rangi inapofika katikati ndo dakika ya sifuri, sio wakati mkono wako ulipogusa stendi.
3. Kila sekunde 30 kwa dakika 10 za kwanza.
4. Kila dakika 2 mpaka dakika ya 40.
5. Rudisha midia safi, endelea dakika 10.

Ukiondoa pale unapobadilisha urefu, rangi usiipige kila picha, mara moja kwa dakika inatosha.

Chumvi ikifika seli zinasinyaa kwa ghafla, maji yanatoka, na fokasi inaweza kuhama kidogo. Kama hadubini yako haina fokasi ya kujirekebisha yenyewe, piga tabaka tatu, kila moja maikromita moja juu ya nyingine, uchague baadaye.

Ikienda sawa, kabla ya chumvi seli nzima ina kijani cha wastani na huwezi kusema kiini kiko wapi. Ndani ya dakika moja mbili unaona doa linaanza, kufikia dakika ya 3 hadi 5 kiini kinawaka na sehemu nyingine imefifia. Alafu kwa 0.4 M, kati ya dakika ya 15 na 30, doa linayeyuka na seli inarudi kama mwanzo huku chumvi bado ipo. Mara ya kwanza ukiona seli 80 zinafanya hivi kwa pamoja na kila moja ikiwa na mwendo wake mdogo tofauti, utaelewa kwa nini watu wanakesha kwenye kazi hii.

## Hatua ya 9: Kontroli ambazo hazirukwi

Rudia jaribio zima, ila mahali pa midia ya chumvi weka midia safi yenye rangi tu, bila chumvi. Stendi zipande na kushuka vile vile. Hog1 ikiingia kwenye kiini hapa, seli zinajibu msukumo, joto au rangi, sio chumvi.

Alafu piga picha kwa ratiba ile ile bila kubadilisha chochote. Mwanga wa bluu wenyewe ni mkazo kwa hamira. Kwa protini ya Msn2 hili ni kubwa zaidi, mwanga wa bluu peke yake unaweza kuipeleka kwenye kiini, kwa hiyo kama utakuja kuifanyia kazi Msn2, kontroli hii ndo itakayookoa jaribio lako zima.

Ifanye kwa kila chipu mpya na kila mpangilio mpya wa mwanga. Ya mwezi uliopita haihesabiki.

## Hatua ya 10: Kusoma picha

Tenganisha seli kwa picha za mwanga wa kawaida, programu kama Cellpose au YeaZ zinafanya hivyo vizuri kwa hamira, alafu pitia kwa macho yako ufute zile zilizounganishwa au zilizokufa. Programu ya Fiji inatosha kwa vipimo.

Ukiwa na alama ya kiini, gawanya wastani wa GFP ndani ya kiini kwa wastani wa nje ya kiini. Huna alama? Chukua pikseli asilimia 5 zenye mwanga zaidi kwenye seli, gawanya wastani wake kwa wastani wa seli nzima. Si kamili, ila inafuata mabadiliko vizuri. Toa mwanga wa nyuma kwanza, sehemu isiyo na seli, kabla ya kugawanya chochote.

Usitumie jumla ya mwanga wa kijani peke yake. Seli ikisinyaa protini zile zile zinabanana kwenye nafasi ndogo, kijani kinaongezeka bila Hog1 kwenda popote. Uwiano ndo unaokuokoa hapo.

Chora mstari wa kila seli, wote, kabla hujachora wastani. Wastani unaweza kukuonyesha mlima mpana na wa polepole wakati kila seli ilikuwa na mlima mwembamba na mkali, ila zimepishana muda. Na hapo ndo uende kwenye mstari wa rangi: kama seli za kulia, upande wa chumvi, zinatangulia za kushoto kwa mpangilio, huo si utofauti wa seli, huo ni mpaka wako ulikuwa unatambaa. Panga seli kwa nafasi zilipokaa kwenye shina uone. Zikichanganyika bila mpangilio, tofauti ni za seli zenyewe na una kitu cha kuandika.

## Ukitaka kubadilisha ishara

Kichocheo cha alfa cha kupandisha hamira ni peptidi ya asidi amino 13, na kinanata kwenye plastiki, kioo na PDMS, kwa hiyo kiasi ulichoweka kwenye sirinji sicho kinachofika. Pitisha midia yenye BSA (protini ya damu ya ng'ombe inayofunika nyuso hizo) kwanza na uiweke pia kwenye midia zote mbili. Tumia seli za aina ya MATa (moja ya jinsia mbili za hamira) zisizo na jeni ya BAR1, kwa sababu protini ya Bar1 inakikatakata kichocheo, na seli za mbele zitakuwa zinawanyima za nyuma. Majibu hapa ni ya masaa, panga muda.

Kalsiamu kwa ajili ya protini ya Crz1: ikikutana na fosfeti nyingi inaganda na kuwa unga mweupe, mfereji unaziba. Tumia midia yenye fosfeti kidogo, na uchanganye kwenye chupa uiache usiku mmoja uone kama inabaki angavu kabla ya kuipeleka kwenye chipu.

Dawa zinazopenda mafuta zinanyonywa na PDMS yenyewe, alafu zinaachiwa taratibu wakati unadhani umeshaosha. Kwa hizo, rudisho la midia safi usiliamini, na chipu hiyo usiitumie tena kwa jaribio jingine.

Na glukosi: ukipunguza glukosi kwenye mkono mmoja, ongeza sobitoli kufidia ili shinikizo la osmosi libaki sawa pande zote mbili. Usipofanya hivyo unazituma ishara mbili kwa pamoja, na seli haitakuambia imejibu ipi.